Tochi ya Ngong

Mwezi wa tatu nilipata kibali cha kutoka Kakuma kwenda Nairobi kuonana na daktari wa macho. Macho yalipimwa siku ya kwanza, dawa nikapewa, na zikabaki siku mbili za kibali. Nilifikia kwa rafiki yangu, Mrundi ambaye ni fundi wa simu. Akaniambia, "Ndugu yangu, usikae ndani kuhesabu mabati. Kesho nakupeleka mlimani, tukatafute vitu vilivyofichwa."

Nilidhani anatania. Kumbe ni mchezo wa kweli, wanauita jiokashingi. Mtu anaficha kisanduku mahali fulani, anaandika namba za mahali hapo kwenye intaneti, na mwingine asiyemjua anakuja na simu yake kukitafuta. Rafiki yangu aliujua kwa mteja mmoja aliyemletea simu iliyovunjika kioo.

Mchezo wenyewe una historia fupi. Setilaiti za GPS zilijengwa na jeshi la Marekani, na kwa miaka mingi raia walipewa vipimo vilivyoharibiwa makusudi, visiwe sahihi. Tarehe 2 Mei 2000 serikali yao ikaacha kuviharibu. Kesho yake tu, Dave Ulmer akaenda msituni karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akaacha ndoo yenye vitu vidogo vidogo, hata kopo la maharage lilikuwemo, akatangaza namba zake. Masharti yake yalikuwa mepesi: ukichukua kitu, acha kitu. Baadaye wachezaji wakaongeza kwamba unachoacha kiwe na thamani sawa na ulichochukua, au zaidi. Na uandike jina lako kwenye daftari lililomo.

Basi tukapanda matatu ya 111 mpaka Ngong, tukalipa kiingilio, tukaanza kupanda. Wanaoijua njia ile watanielewa. Unapita kwenye mitambo mikubwa ya upepo inayozunguka juu ya kichwa chako, halafu kilima, bonde, kilima tena, kama vifundo vya ngumi. Upande mmoja unaona Nairobi, upande wa pili Bonde la Ufa limefunguka lote mbele yako. Upepo unataka kukuvua shati. Mimi niliyezoea vumbi la Kakuma nilitembea nikicheka peke yangu kama mtoto.

Simu ilitupeleka mpaka penye mawe chini ya kichaka. Hapo GPS haikusaidii tena, maana inaweza kukosea kwa mita kadhaa. Unatumia macho. Rafiki yangu akainua jiwe moja, akasema, "Hiki hapa. Kitoe wewe."

Sikukitoa. Mkono ulikataa. Nimetoka Kivu ya Kusini, na kwetu tulifundishwa tangu wadogo kwamba kopo usilolijua halishikwi. Wako watoto walioshika. Na kitu kingine kilinijia pale: usiku tulioondoka nyumbani, baba alifukia kopo la maziwa nyuma ya nyumba, ndani yake vyeti na picha za familia. Sisi tulificha ili mtu asipate. Hawa wanaficha ili mtu apate. Nilisimama pale nikashindwa kuelewa kwamba kuna watu wa hivyo duniani.

Rafiki yangu hakunicheka. Alikitoa mwenyewe, akakifungua. Kisanduku cha plastiki cha kubebea chakula. Ndani mlikuwa na daftari dogo, penseli, sarafu ya nchi nisiyoijua, gari la kuchezea, na tochi ndogo. Nikaibonyeza. Ikawaka.

Sasa nisiwadanganye. Niliitaka ile tochi. Binti yangu yuko darasa la saba na nyumbani kwetu hakuna umeme. Anasoma kwa mwanga wa simu ya mama yake mpaka chaji inaisha. Rafiki yangu aliniona nilivyoishika. "Chukua, kaka. Aliyeiweka anacheza tu. Wewe una shida. Nani anakuona hapa?"

Maneno yake hayakuwa ya kijinga. Mwenye shida na mwenye kucheza, kitu kiende kwa nani? Wengi wenu mtasema kiende kwa mwenye shida, na mimi nisingebishana sana. Lakini nikamjibu kwamba sina cha kuacha. Miaka kumi na moja nimepanga foleni. Nimeweka kidole kwenye mashine, nimepewa, nimeondoka. Hakuna siku mtu aliniambia, na wewe weka kitu. Kisanduku kile kilikuwa cha kwanza kuniambia hivyo, na sikutaka kukifanya nacho kiwe foleni nyingine. Nikairudisha tochi. Nikaandika jina langu kwenye daftari, jina tu bila namba ya kadi, tukafunika jiwe, tukashuka.

Nilishuka najiona mtu mwadilifu sana, bwana. Ndani ya basi la kurudi nilijisimulia hadithi ile mara tatu.

Nilipofika nyumbani nikamsimulia mama watoto. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza swali moja. "Zile bangili nilizokupa ukauze, zote ziliisha?"

Nikamwambia niliuza tano, moja ilibaki.

"Ilikuwa wapi siku hiyo ya mlimani?"

Ilikuwa mfukoni.

"Papa, ulikuwa na bangili yangu mfukoni, ukasema huna cha kuacha?"

Nikajaribu kujitetea. Nikasema tochi kama ile sokoni ni shilingi 300, na bangili tunauza 150, sheria inataka thamani sawa. Akanikata. "Hiyo 150 ni bei ya mnunuzi anayejua tuna njaa. Bangili moja mimi naifanya jioni mbili. Na shanga zenyewe nazitoboa kwa mwanga huohuo wa simu ambao mtoto anauhitaji. Heshima yako haisomewi usiku."

Tangu siku hiyo nafikiria jambo hili, na ndiyo sababu ninaandika. Nilidhani swali la pale mlimani lilikuwa la wizi: je, mtu ataiba pasipo shahidi? Hilo nilifaulu. Swali lililonishinda sikujua hata kama nimeulizwa. Nilipojiuliza nina nini cha kuacha, niliipita bangili ile kama vile haipo. Sikuipima nikaikuta pungufu. Hayo ya shilingi 300 na 150 niliyatunga nyumbani. Pale mlimani sikuifikiria kabisa. Ilikuwa kitu cha kambini, kitu chetu, na macho yangu, ambayo daktari alisema yanaona vizuri, hayakuiona.

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Tunalitumia neno hili kuwasema matajiri wabahili. Lakini linatuhusu na sisi. Maskini naye anaweza kuwa mbahili, kwa kujiaminisha kwamba alicho nacho si kitu. Tena ubahili huu unavaa nguo za unyenyekevu, kwa hiyo hakuna anayeukemea.

Kuna neno lingine: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu hulisema kama wanamchoka mgeni. Mimi sasa nalisikia tofauti. Kumpa mgeni jembe ni kumwambia kwamba mikono yake inafaa hapa. Ndugu zetu mnaofanya kazi kwenye mashirika, siwalaumu kwa mnachotugawia, bila hicho wengi tusingekuwepo. Lakini fomu zenu huuliza tunahitaji nini, na tumejifunza kuijibu vizuri sana hiyo fomu. Ulizeni pia tuna nini. Msishangae tukikaa kimya mwanzoni. Hatufichi. Tumesahau kuangalia mfukoni.

Na je, nilikosea kuirudisha tochi? Kwa binti yangu, ndiyo. Nilinunua heshima yangu kwa mwanga wake, na yeye sikumuuliza. Kama ningeacha bangili na kuchukua tochi, kila mmoja angepata: mtoto, mimi, na yule mtu atakayeinua jiwe baada yetu.

Juzi jirani alikuwa anasafiri kwenda Nairobi. Nimempa bangili ile ampelekee fundi wangu, na ujumbe kwamba apande nayo Ngong siku akipata nafasi. Tochi huenda mtu ameshaichukua. Nimemwambia hata kama haipo, aiache bangili.