Feza ya Shamba Lisilolimwa: Ni ya Nani?



Wazee wetu walilazimishwa kulima pamba. Sheria ya Wabelgiji ya mwaka 1917 haikuwauliza kama wapenda. Basi mtashangaa kusikia kwamba huko Marekani serikali iliwalipa watu ili wasilime pamba. Lakini nataka kuwapa swali kuliko mshangao: feza ile, kwa haki, ilikuwa ya nani?

Mwaka 1932 bei ya pamba ilianguka hata kufika karibu senti 6 kwa ratili. Mwaka 1933 Rais Roosevelt alitia sahihi sheria ya kupunguza mavuno: mwenye kuacha sehemu ya shamba lake bila kulima alipwe na serikali. Mwaka ule ule eka karibu milioni 10 za pamba iliyokwisha kuota zilipinduliwa. Bei ikapanda. Kwa upande huo sheria ilifaulu.

Sasa twende katika wilaya ya Poinsett, Arkansas. Huko wenye mashamba makubwa hawakulima wenyewe. Maskini, weusi na weupe, waliwalimia, na mavuno yakagawanywa nusu kwa nusu. Lakini serikali ilipatana na mwenye shamba peke yake. Asiyekuwapo na lake halipo: katika mapatano ya mwaka 1934, malipo yalikuwa senti 4 na nusu kwa ratili, na mlimaji akapata nusu senti tu. Tena wengi walifukuzwa, kwani shamba linalolala halihitaji mikono. Mapatano yalisema walimaji wasipunguzwe, kadiri inavyowezekana. Neno dogo, lakini mlango mpana!

Wengine watasema: «Ardhi ni yake, na deni la benki ni lake.» Neno hilo lina kweli, tusilidharau. Lakini malipo haya ni kitu gani? Si mshahara, maana hakuna kazi iliyofanywa. Si zawadi, maana yanadai kitu. Ni fidia ya hasara. Na hasara ilikuwa ya nani? Shamba lile lingalizaa, mwenye ardhi angalipata nusu, na mlimaji nusu. Lilipolala, kila mmoja alipoteza nusu yake. Basi aliyepoteza nusu apewe nusu. Utasema mlimaji hakutoa jasho? Kweli, lakini mwenye shamba naye hakutoa mbegu.

Walimaji wenyewe waliielewa hesabu hiyo. Mwezi wa Julai 1934, karibu na Tyronza, watu 18, weupe 11 na weusi 7, walikutana wakaanzisha chama chao. Hata ndani ya serikali walikuwako wanasheria waliotaka walimaji wasifukuzwe. Mwezi wa Februari 1935 wakaachishwa kazi.

Sisemi kwamba sheria ile ilitungwa kwa nia mbaya. Nasema hivi: anayetuma msaada kwa mkono wa mwenye nguvu hana budi kuuangalia mkono huo mpaka mwisho. Nia njema haimalizi deni la haki.

Siku msaada utakapofika kijijini kwenu, nawe ukapewa kalamu ya kuandika majina, usiulize kwanza shamba ni la nani. Uliza: ni nani aliyepoteza? Kisha andika jina lake, hata kama hakuitwa mkutanoni.