Hodi na Karibu

Kila nyumba, iwe kubwa au ndogo, ina maneno mawili yanayolinda heshima yake. La kwanza ni hodi, nalo ni la mgeni. La pili ni karibu, nalo ni la mwenyeji. Mgeni apigaye hodi hukiri kuwa nyumba ina mwenyewe. Na mwenyeji asemaye karibu hukiri kuwa aliye mlangoni ni mtu wala si adui. Mnyang'anyi hana haja na neno la kwanza, na mtumwa hana uwezo wa kusema la pili. Basi swali ninalotaka kulipima hapa ni hili: mtu akinyimwa uwezo wa kualika na kukaribisha wenzake katika nchi yake mwenyewe, amenyimwa nini? Je, amekosa starehe tu, au amekosa jambo lililo sehemu ya utu wake? Ili kulijibu nitatazama mikutano ya wenyeji wa asili wa Australia, ambao dunia huwaita Waaborijini.

Jina hilo ni la wageni. Wenyewe hujiita kwa majina ya mataifa yao, kama vile Wanoongar wa kusini-magharibi na Wayolngu wa kaskazini. Wamekaa katika bara lile kwa zaidi ya miaka 50,000, na Waingereza walipowafikia lugha zao zilikuwa zaidi ya 250. Kila jamaa walijua nchi yao na mipaka yake, ijapokuwa haikuwa na ukuta wala ua. Desturi ya mgeni ilikuwa wazi. Hakuingia katika kambi ya watu kwa ghafula. Aliketi mbali kidogo, mahali pa kuonekana, akangoja. Wenyeji walipokuwa tayari walimwendea, wakamuuliza ukoo wake na haja yake, ndipo wakamleta motoni. Mjumbe aliyetumwa kualika watu mara nyingi alichukua kijiti kilichochorwa alama, na kijiti hicho kilimpa amani ya kupita katika nchi zisizo zake. Watu hao hawakuwa na milango, lakini walijua kupiga hodi.

Mkutano mmoja mashuhuri ulikuwa katika milima ya Bunya, huko Queensland. Milima hiyo ina mti wa bunya, unaofanana na msonobari, ambao tunda lake hushinda kichwa cha mtu kwa ukubwa na laweza kufikia uzito wa kilo 10. Ndani yake mna kokwa tamu zinazoliwa mbichi, au huchomwa, au husagwa zikawa unga. Mti huu huzaa sana mara moja katika miaka mitatu hivi. Mwaka wa neema ulipofika wenyeji wa milima walipeleka wajumbe, na wageni wakaja kwa miguu kutoka mamia ya kilomita. Walikula, wakacheza ngoma, wakabadilishana mali, wakaposa, na wakafundisha vijana. Tena walileta magomvi yao ya siku nyingi yakaamuliwa mbele ya watu wote. Mwenye miti hakuyafungia matunda yake, na mgeni hakuyavuna bila idhini. Msomaji asidhani kuwa hiyo ilikuwa karamu tu. Mkutano ule ulikuwa soko, mahakama, na shule kwa wakati mmoja.

Tarehe 26 Januari 1788 msafara wa merikebu 11 za Waingereza, zilizochukua wafungwa na walinzi wao, ulianza makazi mahali panapoitwa Sydney leo. Hawakupiga hodi. Nchi ilitwaliwa kana kwamba haina mwenyewe, na dhana hiyo ilidumu katika sheria mpaka mwaka 1992, Mahakama Kuu ya Australia ilipoikataa katika kesi ya Eddie Mabo na wenzake wa kisiwa cha Mer. Milima ya Bunya ilipata kinga kwa muda. Mwaka 1842 Gavana George Gipps alikataza watu kupewa leseni ya kukaa au kukata miti katika nchi ile, maana alijua thamani yake kwa wenyeji. Mwaka 1860 katazo hilo lilifutwa. Wakataji miti wakaingia, wafugaji wakaenea, na kabla ya karne kwisha mikutano mikubwa ilikuwa imekoma. Miti mingine ilibaki milimani. Waliokosekana ni wale wa kualika na wa kualikwa.

Yaliyofuata yalikuwa mazito zaidi. Sheria ya Queensland ya mwaka 1897 iliipa serikali uwezo wa kuwahamisha watu na kuwaweka katika makambi ya hifadhi, na hata uwezo wa kukataza ibada na desturi zao. Katika mji wa Perth, ambao ni nchi ya Wanoongar, mambo yalifika kikomo. Tangu mwaka 1927 hadi 1954 katikati ya mji palitangazwa kuwa mahali pa marufuku kwa Mwaborijini asiye na kazi halali hapo au asiye na kibali. Kenya nayo, chini ya Waingereza hao hao, ilikijua kipande. Lakini fikirini uchungu wa mwenye nyumba anayelazimishwa kupiga hodi katika mlango wake mwenyewe, na kuitikiwa na mgeni.

Wakubwa wa zama hizo walikuwa na hoja yao. Walisema kuwa wanawalinda watu dhaifu na ulevi, magonjwa, na udanganyifu, na ya kuwa mikusanyiko huzaa fujo. Hoja hii isipuuzwe, maana ni kweli kuwa mkusanyiko waweza kuwa na shari, na ni kweli kuwa mnyonge hustahili kulindwa. Lakini ulinzi asioweza kuukataa yule anayelindwa ni kifungo kilichopewa jina zuri. Na ikiwa magomvi yalikuwa yakiamuliwa mkutanoni, basi aliyeuvunja mkutano hakuiondoa fujo, bali aliivunja mahakama iliyokuwa ikiizuia. Mtu mmoja mmoja aweza kulishwa na kuvikwa, lakini hawezi peke yake kuwa na sheria, wala posa, wala ngoma, wala matanga. Mambo hayo huhitaji wengi. Awanyimaye watu kukutana huwaachia miili yao, akachukua kile kinachowafanya kuwa jamaa.

Hii ndiyo sababu watu hawa hawakuacha kukutana hata walipokatazwa. Huko Perth, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, walianzisha chama cha dansi kilichoitwa Coolbaroo, wakacheza katika ukumbi uliokuwa nje kidogo ya mpaka wa marufuku. Coolbaroo ni jina la ndege mwenye rangi nyeusi na nyeupe, na watu wa rangi zote mbili waliingia. Tazameni jambo hili: waliofukuzwa mjini walisimama ukingoni mwa mji, wakasema karibu.

Hata kabla ya hapo, tarehe 26 Januari 1938, Australia iliposherehekea miaka 150 ya kuja kwa merikebu zile, Waaborijini wapatao 100 walikutana Sydney kwa Siku ya Maombolezo. William Cooper, William Ferguson, na Jack Patten walikuwa miongoni mwa viongozi wao. Walidai haki kamili za uraia. Iliwabidi kuingia ukumbini kwa mlango wa nyuma. Na tarehe 26 Januari 1972 vijana wanne walisimika mwavuli mbele ya Bunge huko Canberra, wakauita ubalozi. Ubalozi ni nyumba ya taifa geni. Nao walitaka kuonyesha kwamba wamefanywa wageni katika nchi yao. Mwavuli ulizaa mahema, na ubalozi ule unakumbukwa hata leo.

Tarehe 12 Februari 2008, kwa mara ya kwanza tangu Bunge la nchi nzima lilipoanza mwaka 1901, kikao kipya kilifunguliwa kwa makaribisho ya wenyeji wa asili. Mzee wa kike wa Wangambri na Wangunnawal, Matilda House, aliwakaribisha wabunge katika nchi ya wazee wake. Kesho yake Waziri Mkuu Kevin Rudd aliomba radhi, hasa kwa watoto walioondolewa kwa nguvu mikononi mwa wazazi wao. Siku hizi makaribisho ya namna hiyo husikika katika mikutano mingi ya Australia. Wako wasemao kuwa ni pambo tu, kwa kuwa karibu isiyo na nyumba haishibishi mtu. Wana haki kwa nusu. Mwenye kukaribishwa asiporudisha chochote, hodi yake ni mzaha. Lakini neno lililonyimwa watu kwa miaka 220 si jepesi linaporudi kinywani mwao. Kila linaposemwa humkumbusha msikilizaji kuwa nyumba ina mwenyewe.

Mwezi Mei 2017 wajumbe wapatao 250 walikutana karibu na jabali la Uluru, wakatoa tamko lililowaalika Waaustralia wote kutembea pamoja nao, na kuomba sauti yao itambuliwe katika katiba. Tarehe 14 Oktoba 2023 nchi ilipiga kura, na karibu watu 60 katika kila 100 wakakataa. Je, mkutano wa Uluru ulikuwa bure? Mimi naona haukuwa bure. Kusikilizwa ni deni la wengine, nalo halijalipwa. Kualika ni tendo la mtu huru, nalo lilitimizwa. Aibu ya mwaliko uliokataliwa haimkai mwenye kualika.

Basi jibu la swali letu ni hili. Anyimwaye kukutana na kukaribisha amenyimwa sehemu ya utu wake, maana utu hauishi katika mtu mmoja, bali kati ya mtu na mtu. Ninyi vijana mtasoma, mtasafiri, na wengine wenu mtatawala. Mtakapofika katika nchi ya watu, hata ikiwa haina ukuta wala mlango, simameni mbali kidogo, mngoje. Na mtakapokuwa na mamlaka juu ya watu wanaotaka kukutana, kumbukeni wenyeji wa Perth, ambao mji uliwafungia njia, nao wakafungua ukumbi.