Jirani Ambaye Hajazaliwa

Amri ya kumpenda jirani tumeizoea mno, hata hatuulizi tena mpaka wake uko wapi. Aliyejeruhiwa njiani tunamwona, na mwenye moyo husimama. Je, mtoto atakayezaliwa miaka hamsini ijayo, akakuta chemchemi ya kijiji imekauka, naye ni jirani yangu?

Wako wanaosema siye, na hoja yao si ya kupuuzwa. Mama apikaye kwenye mafiga matatu ana watoto wenye njaa leo. Ukimkataza kuni kwa ajili ya kitukuu asiyejulikana, umemnyima aliye hai ili umshibishe asiyekuwapo. Nami naongeza kwamba ushauri usiomgharimu chochote mshauri hauna uzito.

Kwa hiyo hatuna budi kuanza na yale yanayompunguzia mama huyo mzigo. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva upesi. Kuni zilizopasuliwa na kukaushwa vizuri huwaka kwa moshi kidogo. Sufuria iliyofunikwa haipotezi joto jingi, na jiko la udongo lililojengwa vyema hula kuni chache kuliko mafiga. Haya akina mama huambiana wakitoka ibadani, wala hawayapi jina kubwa. Hapo jirani wa leo na wa kesho hawagombani: mmoja anapumzisha mgongo, mwingine anabakiziwa mti.

Ugumu waja pale ambapo faida ya leo haionekani. Mvule huchukua miongo mingi kabla ya kutoa mbao. Mzee wa umri wangu akiupanda hatakalia kiti chake. Huko Kilimanjaro, Dayosisi ya Kaskazini ya KKKT, iliyoongozwa na Askofu Fredrick Shoo, iliwataka vijana wa kipaimara wapande miti. Mtu ataniambia kwamba wema wa sharti si wema. Nimewafunda walimu miaka mingi, na naona kwamba tabia njema nyingi huanza kwa sharti. Kunawa mikono na kuwaamkia wakubwa tulianza hivyo. Hata mwaka 2019, Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, wengi wetu tulirudia kikapu kwa kuogopa faini, na sasa tunakichukua kwa mazoea.

Hata hivyo sharti lina kikomo. Laweza kumfanya kijana achimbe shimo, lakini haliwezi kumpelekea mche maji wakati wa kiangazi, kipaimara kikiwa kimekwisha pita. Mwanzo 2:15 humpa mwanadamu kazi mbili bustanini, kulima na kutunza. Na hii ya pili haina sherehe wala mgeni rasmi.

Katika Luka 14 Bwana anatuagiza tuwaalike karamuni wale wasioweza kutulipa. Nani asiyeweza kutulipa kuliko yule ambaye hajazaliwa? Hatatushukuru, wala hatalijua jina letu. Naona basi kwamba yeye ni jirani, tena ndiye anayetupima zaidi.

Lakini gharama yake isiangukie mafiga ya maskini kwanza. Usharika wenye ekari nyingi na uanze kupanda na kutunza. Shule inayopikia mamia ya watoto na ibadili jiko. Mwenye gari naye na aende kwa miguu pale panapofikika. Wakiisha kufanya hayo, ndipo wamwendee yule mama kumwambia habari za kuni zake.