Mwenye Kushika Tochi

Waswahili husema macho hayana pazia. Kwa muda mrefu niliuchukulia msemo huu kuwa unawahusu wale wanaotazama yasiyowahusu. Siku hizi nauona una maana nyingine pia, kwamba jicho haliwezi kuchagua kila kinacholiingia. Niliyaona hayo usiku mmoja wa mwaka 1978, ila yalichukua zaidi ya miaka thelathini kunifika moyoni.

Kwetu ni Tarime, lakini mama yangu alitoka ng'ambo ya mto Mara, wilayani Serengeti, na wakati wa likizo nilipelekwa kwa mjomba, si mbali na Mugumu. Usiku huo mjomba alinikabidhi tochi yake ya betri tatu, yeye akachukua upinde. Kibali hatukuwa nacho, naye alilijua hilo vizuri. Lakini nyumbani kulikuwa na ugali bila kitoweo. Tulipofika vichakani akaninong'oneza, "Mulika, usitingishe mkono." Nikamulika. Macho mawili yakawaka kama makaa. Alikuwa swala pala. Hakukimbia, aliinua kichwa, akautazama mwanga, akasimama. Mshale ukatoka.

Wakati wa kurudi mjomba alicheka. "Umeona, mpwa wangu? Mnyama mjinga sana huyu. Anaona kifo kinakuja, naye anakitazama tu." Nami nikacheka.

Je, alikuwa mjinga? Ukubwani nilisoma habari za jicho, nikapata mashaka. Ndani ya jicho, upande wa nyuma, mna utando uitwao retina, umejaa seli zinazohisi mwanga. Ziko za aina mbili. Zenye umbo la pia hufanya kazi mchana na kutambua rangi. Zenye umbo la fimbo ni za mwanga hafifu. Sisi binadamu tuna fimbo kiasi cha milioni 120 katika kila jicho, na pia milioni 6 hivi. Ndani ya fimbo mna kemikali iitwayo rodopsini, ambayo mwili huitengeneza kwa kutumia vitamini A. George Wald, aliyeigundua vitamini hiyo katika retina mwaka 1933, alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1967. Mwanga ukiigusa rodopsini, kemikali hiyo hubadilika, na hapo ndipo kuona kunapoanza. Lakini mwanga ukiwa mkali kupita kiasi, nyingi huharibika kwa mara moja, na jicho la mtu huhitaji kukaa gizani nusu saa hivi ndipo lirudie nguvu zake zote za usiku.

Swala ana kitu cha ziada ambacho sisi hatuna. Nyuma ya retina yake mna tabaka linalong'aa kama kioo. Mwanga uliopita bila kunaswa na seli hurudishwa, ili zipate nafasi ya pili ya kuunasa. Simba analo, fisi analo, hata mamba wa mto Mara analo. Ni jicho lililoumbwa liridhike na mwanga wa nyota.

Basi yale makaa niliyoyaona hayakuwa moto wa mnyama. Yalikuwa mwanga wa tochi yangu mwenyewe ukinirudia. Na kwake yeye, nyuma ya tochi ile hapakuwa na mtu wala upinde. Palikuwa na weupe mtupu. Mjomba alisema swala aliona kifo kinakuja. La hasha! Mimi nilimnyang'anya macho kwanza, ndipo mjomba akamnyang'anya uhai.

Pengine msomaji atauliza: je, ni kosa kulitumia jicho la kiumbe dhidi yake? Sioni jibu jepesi. Katika Ziwa Victoria wavuvi huwasha taa usiku wa giza, dagaa wakakusanyika, nami dagaa hao nawala kwa furaha. Katika pori la Serengeti hutundikwa vitambaa vya buluu na nyeusi vilivyotiwa dawa, kwa kuwa jicho la mbung'o huvutwa na buluu. Mbung'o hueneza malale. Sijapata kumsikia mtu akimlilia, wala mimi simlilii. Hali kadhalika, aliyeshiba hamjui mwenye njaa, na siko tayari kuihukumu njaa ya nyumba ya mjomba.

Kinachonisumbua ni kile kicheko.

Mwaka 2011 nilikuwa nikitembea usiku katika barabara itokayo Tarime kwenda Mugumu, karibu na Nyamongo. Gari likaja likiwa limewasha taa kali. Sikuona tena ukingo wa barabara, wala miguu yangu mwenyewe. Nikasimama palepale katikati. Breki zikalia. Dereva akatoa kichwa: "Mzee, huna macho?" Abiria wakacheka. Walipoondoka niliendelea kusimama gizani, nikisubiri macho yanirudie, na aliyenijia akilini alikuwa yule swala.

Tangu hapo nimeuona mtindo huu mahali pengi. Mwalimu humfundisha mtoto kwa lugha asiyoijua, kisha humwita mzito wa kuelewa. Karani humsomea mwanakijiji karatasi haraka haraka, humwambia weka dole gumba, na baadaye hushangaa kwa nini hakuuliza. Kumshinda mwenzio huenda ukalazimika, lakini kumtia upofu kisha kumlaumu kwa kutoona ni dhuluma ya pili juu ya ile ya kwanza. Nayo humfaa sana mtendaji, kwa kuwa humwondolea haja ya kujiuliza alifanya nini yeye. Anayejua jinsi jicho la mwingine lilivyo amepewa amana, iwe ni jicho la mtu au la mnyama.

Mjomba amekwisha kufariki, na sikupata kumweleza haya. Naamini angenisikiliza, maana hakuwa mtu katili. Mimi nami bado natembea na tochi usiku. Nikisikia hatua za mtu mbele yangu, naiinamisha chini. Mwanga unaoanguka ardhini hututosha sote wawili kuiona njia.