Kibarua, Mwanagenzi na Kilemba

Lugha yetu ina maneno mawili ya kumwita mtu afanyaye kazi chini ya mkono wa mwenzake, na maneno hayo hayalingani. La kwanza ni kibarua. Kwa asili ni barua ndogo: kikaratasi alichopewa mtu wa kazi za kutwa katika Unguja ya karne ya 19 ili siku yake ihesabiwe. Wengi wao walikuwa watumwa, na mabwana zao walichukua sehemu ya ujira huo. Hatimaye kikaratasi kikammeza mwenyewe. Jina la karatasi likawa jina la mtu. La pili ni mwanagenzi: yule aliye chini ya fundi leo ili kesho awe fundi. Basi tujiulize: mwajiri anadaiwa nini zaidi ya mshahara? Je, ana wajibu wa kumfunza mtu ambaye huenda akamwacha?

Swali hili huuma zaidi mahali pa mpito. Chapwa ni kata ya mji wa Tunduma, mkoani Songwe, zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam. Msomaji wa Pemba asidhani kuwa ni ugenini kabisa, kwani mji huohuo una kata iitwayo Mpemba. Ng'ambo ya mpaka ni Nakonde ya Zambia. Barabara kuu na reli ya TAZARA, iliyojengwa baina ya 1970 na 1975, hupita Tunduma zikiiunganisha bandari na nchi ya shaba. Atakaye kuvuka kutafuta riziki hana safari ndefu.

Tuchukulie fundi wa malori mahali kama hapo, na kijana aliyemwajiri. Mwaka wa kwanza kijana huosha vyuma na kushika spana. Mwaka wa pili hufunga magurudumu na breki. Siku ya kufungua giaboksi, hutumwa chai. Akirudi, giaboksi imekwisha kufungwa. Hutumwa chai namna hiyo mwaka wa tatu na wa nne, wala si kwamba bwana wake ana kiu.

Tusimhukumu fundi huyo kwa haraka. Ujuzi wake ameununua kwa miaka yake mwenyewe. Akimfunza kijana, huenda kesho akavuka mpaka au, lililo chungu zaidi, akafungua gereji mkabala na yake na kuwavuta wateja walewale. Kwa nini mtu anoe kisu kitakachomkata? Hoja hii ina nguvu, na wanaohubiri hisani bila ya kuijibu huenda hawajapata kulipa mshahara wa mtu mwisho wa mwezi.

Lakini tutazame anachokinunua. Kwa mshahara hununua siku za mtu, na siku za ujana hazirudishwi. Mtu wa miaka thelathini asiyejua zaidi ya alivyojua akiwa na ishirini amepoteza kitu ambacho bei yake haikuwamo katika mshahara. Wahenga walisema: mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Walikusudia kuwa ukaribu hufunza, japo kidogo. Hawakusema avukutishwe milele. Tena mficha ujuzi hujifunga mwenyewe, maana akiugua siku moja, gereji nayo hulala.

Sheria hufika mahali ikasimama. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kwa Tanzania Bara, inamtaka mwajiri aandike masharti ya kazi, na amkabidhi mwajiriwa hati ya utumishi anapoondoka. Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira ya 2005. Hati husema kuwa mtu alifanya kazi. Haisemi kuwa alifunzwa. Wala hakuna hakimu awezaye kuthibitisha kuwa chai ile haikuwa ya kunywa.

Hapa pwani yetu ina neno la tatu. Mwanagenzi alipofuzu alimpa fundi wake kilemba, yaani ada ya kuhitimu. Ndani ya neno hilo mna maafikiano: kuondoka kumetazamiwa tangu siku ya kwanza, na kuna bei yake na heshima yake. Chapwa ya leo yaweza kuwa na kilemba chake. Fundi aahidi kwa maandishi atakachofunza na kwa muda gani, na mshahara upande kadiri ujuzi unavyopanda. Kijana naye aahidi kubaki muda waliokubaliana baada ya kufuzu. Ahadi isigeuke pingu, kwani asiyeweza kuondoka si mwanagenzi. Ni kibarua wa zamani, na karatasi yake imo mfukoni mwa bwana. Lakini kijana naye anadaiwa. Aondokaye usiku na wateja wa bwana wake hamuumizi fundi peke yake. Amewaponza vijana watakaokuja nyuma yake, ambao wote watatumwa chai.

Wapenzi wa ushairi wanalijua jambo hili. Malenga asiyemsahihishia chipukizi vina na mizani kwa kuhofia kupitwa, ameisahau siku aliyosahihishwa yeye. Na fundi wa Chapwa hakuzaliwa akiijua giaboksi. Yuko mtu aliyemwambia: sogea, tazama.