Wahitimu Wetu na Jina Lililosomwa



Msimu wa kuhitimu umefika tena hapa Bujumbura, na sisi tunaokusanyika kusali Kinindo tumejaa furaha. Baadhi ya watoto wa kambini wamemaliza chuo kikuu. Ninyi huko mnawakumbuka walipokuwa wakipanga foleni ya maji. Sisi huku tumewajua kwa kazi ya zamu. Kinindo kuna nyumba nyingi kubwa zenye kuta na mageti, na kila geti hutafuta mtu wa kulilinda usiku. Mwanafunzi hukaa pale na daftari chini ya taa hadi alfajiri, kisha huenda darasani na usingizi machoni. Anayedhani diploma ya mkimbizi hutolewa kwa huruma, aje alale nje usiku mmoja wa mvua.

UNHCR na washirika wake waliweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2030, vijana wakimbizi 15 katika kila 100 wawe wanapata elimu ya juu. Bado hatujafika huko. Kwa hiyo vigelegele tuvipige, tena kwa nguvu.

Katika sherehe hizi kila mzee anayesimama humwambia mhitimu: uwe wewe mwenyewe, usijisahau. Nasi tumelisema mara nyingi. Lakini safari hii neno hilo lilitukwama kooni.

Tulimsindikiza kijana mmoja wetu siku ya kupewa diploma. Majina yakaanza kusomwa. Jina lake lilipofika, alisimama na joho lake akaenda mbele. Mama yake, aliyetoka kambini tangu alfajiri, alibaki kimya. Alikuwa bado anangoja kusikia jina la mwanawe. Sisi ndio tulimgusa bega tukamwambia: mama, ni yeye huyo.

Wengi wenu mnaelewa bila kuelezwa. Karibu miaka 20 iliyopita mtoto huyo aliingia nchini bila karatasi hata moja. Shule iliomba cheti cha kuzaliwa. Jirani, mwenyeji, mtu mwenye moyo mwema, alikuwa na cheti cha mwanawe aliyekuwa bado nyumbani, akakitoa. Mtoto akaandikishwa kwa jina hilo, akafanya nalo mtihani wa serikali, likamfikisha hadi chuo kikuu. Sisi viongozi wa kanisa tulijua. Hatukunyamaza tu, mmoja wetu ndiye aliyempeleka shuleni kwa mkono siku ya kwanza.

Wala halikuwa jambo la shule peke yake. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, wakimbizi Wakongomani zaidi ya 150, wengi wao Banyamulenge, waliuawa pale Gatumba, karibu na mpaka. Baada ya usiku ule, mzazi aliyemwambia mtoto asitaje kwao alikuwa anataka mtoto aishi. Asiyepitia hayo asitusomeshe juu ya ujasiri.

Basi je, kijana huyu ni mwongo? Wako wanaosema ni uongo mtupu, atubu na diploma airudishe. Wengine wanasema hakuna kosa, dhiki haina sheria. Sisi hatukubaliani na upande wowote. Mtoto wa miaka saba hakudanganya. Waliodanganya ni sisi. Lakini sasa ni mtu mzima, na kila mara anapotia sahihi, mkono ni wake.

Katika kitabu cha Danieli, wale vijana watatu walibadilishiwa majina Babeli (Danieli 1:7). Waulizeni watoto wa shule ya Jumapili: wanamjua Shadraka na Meshaki na Abednego, ila Hanania, Mishaeli na Azaria wachache wanawajua. Waliingia motoni na majina ya kigeni, na mbele za Mungu hawakupungua kitu. Kwa hiyo jina peke yake halimpotezi mtu.

Lakini wale walipewa. Yakobo ndiye aliyechukua. Baba yake kipofu alimwuliza yeye ni nani, akajibu kwamba ni Esau (Mwanzo 27:19). Akapata baraka kwa jina la mwingine, akakimbia, akakaa miaka 20 ugenini. Usiku ule mtoni Yaboki akaulizwa tena jina lake, na mara hii akasema ukweli (Mwanzo 32:27). Baraka hakunyang'anywa. Ila kesho yake ilimbidi akutane na Esau, na alimwendea akiinama na zawadi mbele.

Hapo ndipo neno lilipotukwama. Tulipokuwa tukila mishikaki na kunywa Fanta, tulimwuliza kijana: mwenye cheti yuko wapi? Akainamisha kichwa. Yule mtoto wa jirani anaendesha taksi-velo huko mkoani. Alipotaka kuanza shule, aliambiwa jina lake tayari linasoma.

Hatusemi diploma itupwe. Elimu iliyo kichwani ni yake. Zile usiku za getini hakuna aliyezikesha badala yake. Tunasema aende kwa yule ndugu, nasi twende naye kwa sababu deni ni letu pia. Na kuhusu karatasi, atafute ushauri wa wanasheria wanaosaidia wakimbizi mapema, asingoje siku ya kuomba kazi. Asikubali mtu wa mjini amfutie jina na kuandika lingine kwa pesa. Huko ni kuanza upya safari ileile.

Na ninyi familia mliovuka Rusizi mwaka 2025, ambao sasa mnatafutia watoto nafasi shuleni: mtaletewa vyeti vya watu kwa nia njema kabisa. Tunawasihi mwandikishe mtoto kwa jina lake, hata kama itamchelewesha mwaka. Sisi hatukuwa na mtu wa kutuambia hivyo.

Ibada ya shukrani kwa wahitimu itakuwa Kinindo Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, saa tatu asubuhi. Kila mhitimu aje na karatasi ndogo yenye jina analotaka lisomwe mbele ya kanisa. Kijana wetu ameomba tumwalike na yule ndugu wa taksi-velo. Nauli tumekwisha kutuma.