Haki ya Kiumbe Aliyefungiwa Kiooni

Siku hizi huonekana katika baadhi ya majumba hodhi la kioo lenye maji matamu. Ndani yake mna mawe yaliyovikwa kuvumwani, yaani yale majani laini ya kijani yashikayo mawe ya mitoni. Juu yake hutambaa kamba wadogo, na samaki wasiozidi urefu wa kidole hupita huku na huku. Hatusemi kwamba pambo hili ni baya. Lakini pambo lenye roho lina haki zake, na yatupasa tujiulize: mtu amfungiapo kiumbe kwa ajili ya furaha ya macho yake, huwa amejitwika nini?

Wako wasemao: "Hao ni vidudu tu, wakifa tutanunua wengine." Maneno haya hatuyakubali. Udogo wa kiumbe haupunguzi dhamana ya mwenye kumfuga, bali waizidisha. Mbuzi aonapo njaa hulia, na paka akikosa chakula kwako huenda kwa jirani. Kamba wa hodhini hana sauti wala hana njia. Kazi yote ambayo mto ungalimfanyia, ya kumletea maji mapya na kumwondolea uchafu, sasa imo mikononi mwa mwenye nyumba.

Basi wajibu wa kwanza hutangulia kuja kwa kiumbe mwenyewe, nao ni subira. Uchafu wa samaki na mabaki ya chakula huzaa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wa aina moja huigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu vilevile; kisha bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni machache na mimea huifanya chakula. Bakteria hao huchukua kiasi cha wiki 4 hadi 6 kuenea katika changarawe na chujio. Ajazaye maji leo na kutia samaki kesho amewatia katika nyumba ya sumu, hata kama maji yang'aa. Na maji ya mfereji yaliyotiwa klorini sharti yaondolewe klorini kwanza. Maji ya visima vya karibu na bahari mara nyingi yana chumvi, hayafai. Na dawa yenye shaba huua kamba.

Wajibu wa pili ni kuwachagulia ujirani mwema. Kamba hana mfupa. Gamba lake ndilo limshikalo. Akuapo hulivua, na kwa muda mwili wake huwa laini, hana kinga. Hapo kuvumwani si pambo tena, ni sitara yake. Kumweka kamba mkubwa mwenye magando pamoja na wanyonge hawa ni kumwandalia chakula. Yuko kamba mdogo mwenye magando, asili yake Meksiko, urefu wake kiasi cha sentimita 4 au 5. Huyo ndiye hupatana zaidi na wenziwe. Wakiuana, lawama si yao, ni ya aliyewachanganya.

Huenda msomaji akasema: "Ikiwa dhamana ni nzito hivi, si heri aliyechoka awaachilie huru mtoni?" Neno "huru" ni tamu, lakini tutazame matokeo. Mwaka 1970 kamba mwenye magando wa Louisiana, Marekani, alitiwa katika Ziwa Naivasha. Hakutoka katika hodhi la mtu. Alitiwa kwa makusudi. Alizaana, akala mimea ya majini, na wataalamu humhesabu miongoni mwa sababu kubwa za kutoweka kwa mimea hiyo katika ziwa lile. Yuko na mwingine mwenye mabaka, aliyejulikana Ujerumani katika miaka ya 1990 kwa wauza samaki wa mapambo. Mwaka 2003 ilithibitishwa kwamba jike wake huzaa pasina dume. Leo ameenea katika mito na mashamba ya mpunga ya Bukini, tuiitayo Madagaska. Mmoja tu akitupwa mtoni aweza kuujaza. Basi huruma kwa mmoja yaweza kuwa dhulma kwa maelfu, na kwa wavuvi na wakulima pia. Aliyechoka na ampe mfugaji mwingine, au amrudishie muuzaji.

Kwa hiyo twaona kwamba kufuga viumbe hawa kwafaa kwa mwenye kuikubali amana yote, tangu wiki zile za kungoja hodhi tupu hadi siku ya mwisho ya kiumbe. Wageni husifu hodhi kisha hurudi makwao. Atakayebaki kubadili robo ya maji kila wiki, na kumtafuta mtu wa kuwaangalia asafiripo, ni mwenye nyumba peke yake. Asiyeliweza hilo na aliache hodhi dukani; hapana aibu katika kuacha jambo jema usiloweza kulitimiza.